Viti Hamsini na Tisa vya Ngatini

Siku washonaji wa viti walipoambiwa kazi imekwisha, Ngatini alikuwa na sindano tatu mdomoni, kwa hiyo hakusema kitu. Alimaliza kushona kiti kilichokuwa mbele yake, akakata uzi, akazichomeka sindano kwenye kola, ndipo akauliza, "Vya kesho atashona nani?"

Msimamizi akamwambia kwamba kuanzia mwezi ujao viti vitaletwa vikiwa vimeshashonwa, kutoka kiwanda kimoja cha mbali. Karakana ile ya mji wa Malang, kisiwani Java, iliyokuwa ikiunda mabodi ya mabasi tangu enzi za baba yake msimamizi, haikuwa na haja tena na wanawake sita na vyerehani vyao. Ngatini alikuwa na miaka hamsini na miwili. Thelathini na miwili kati ya hiyo aliitumia mle ndani.

Mumewe, Kasdi, alifurahi kimoyomoyo. Yeye alikuwa amestaafu udereva wa lori na siku zake zote zilikuwa za hua. Alikuwa nao tisa, kila mmoja na tundu lake juu ya mlingoti wa mwanzi, na kila asubuhi aliwapandisha kwa kamba ili wapate jua na waimbe. Alidhani sasa mkewe atakaa naye barazani, wanywe kahawa, wawasikilize ndege.

Ngatini alikaa barazani siku nne. Ya tano alisema, "Hawa ndege wako wanasema neno moja tu," akaondoka.

Alikwenda kwenye ukumbi ambako wapenzi wa mabasi walikuwa na maonyesho yao. Vijana hao aliwajua kwa sura. Miaka mingi walikuwa wakijazana nje ya geti la karakana na kamera zao, wakisubiri basi jipya litoke, na likitoka wanalipigia kelele kama bibi harusi. Wakati wa mapumziko yao hujitengenezea mabasi madogo, ya sentimita sitini hivi, kwa mbao za plastiki zile za mabango. Ngatini alizunguka meza zote na mikono yake nyuma. Rangi zilikuwa zinang'aa, taa zinawaka, hata vifuta kioo vilikuwepo, vyembamba kama mguu wa mbu. Lakini kila dirisha lilikuwa limezibwa na karatasi nyeusi.

"Mwanangu, ndani mna nini?" alimuuliza mmoja.

"Ndani hamna kitu, Bu. Hakuna mtu anayeangalia ndani," kijana akamjibu, akimwita Bu, yaani mama.

Jibu hilo alikwenda nalo nyumbani. Lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Miaka thelathini na miwili, na hakuna mtu anayeangalia ndani!

Kesho yake akanunua mbao mbili za plastiki, kisu cha wembe na gundi.

Kusema kweli, basi la kwanza lilikuwa aibu. Gundi ilikula plastiki, paa likabinuka kama ganda la mkate. La pili lilisimama vizuri, lakini magurudumu ya nyuma hayakugusa meza, na Kasdi akaliita mbwa anayekojoa. Ngatini alilivunja kipande kwa kipande, akavipanga vipande mezani, akatafuta kosa lilipoanzia. Alilikuta kwenye kipimo cha sakafu: milimita mbili. Alikuwa akiamka kwa sala ya alfajiri, kisha anafanya kazi mpaka saa nne, mwanga ukiwa mzuri na macho yake hayajachoka. Viganja vyake vilijaa chale. Kasdi alilalamika kwamba harufu ya gundi inawakausha hua wake sauti, akahamisha milingoti hadi upande wa pili wa nyumba.

Basi la tatu ndilo alilolitaka tangu mwanzo: namba saba la kampuni ya Melati Kidul, lililokuwa likienda kati ya Malang na Blitar kila siku. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minane basi hilo lilipoundwa, na ndilo la kwanza ambalo kwa ajili yake msimamizi wa wakati ule alimkabidhi robota la kitambaa akamwambia, "Panga mwenyewe." Alipanga kijani cha jani changa la ndizi, na mstari wa njano pembeni. Viti hamsini na tisa, watu wawili kushoto, watu watatu kulia, na vya ziada nyuma kabisa.

Sasa alivishona upya, kila kiti kikubwa kidogo tu kuliko ukucha wa dole gumba. Sponji aliipata kwenye kandambili. Kitambaa alikitia rangi mwenyewe, maana kitambaa halisi kwenye kiti kidogo namna ile huonekana kama gunia. Mstari wa njano aliushona kwa uzi mmoja aliouchambua kutoka kwenye uzi wa nyuzi tatu. Ilimchukua miezi saba. Madirisha yake hakuyaziba. Aliweka plastiki safi, na paa akalifanya la kufunguka.

Mashindano ya mabasi na malori madogo ya mwaka huo yalifanyika palepale Malang. Daraja aliloingia Ngatini lilikuwa na sharti moja: basi au lori liwe mfano wa gari moja lililowahi kuwepo kweli, na lilingane nalo kwa kila kitu. Mwamuzi wa daraja hilo alikuwa Galih, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, fundi wa simu, ambaye kwenye kompyuta yake alikuwa na picha zaidi ya elfu nne za mabasi ya Java ya Mashariki. Watu walisema ukimtajia namba ya basi atakutajia hata dereva wake aliyekuwa na masharubu.

Galih alifungua paa, akainama, akatazama muda mrefu. Kisha akaguna.

"Bu Ngatini, kazi hii sijapata kuiona. Lakini viti vya namba saba vilikuwa vya bluu."

"Vilikuwa vya kijani."

"Bu, picha ninazo. Kumi na moja." Akamwonyesha kwenye simu. Ni kweli, nyuma ya kioo cha mbele na mlangoni, viti vilionekana bluu.

"Wewe una picha," Ngatini alisema, "mimi nina mikono. Hivyo viti nilivishona mimi."

Watu wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya. Galih hakucheka. "Nakuheshimu kama mama yangu. Ila sharti ni sharti. Nikikupa alama kwa maneno tu, kesho mwingine ataniambia basi lake lilikuwa na mabawa. Niletee kipande cha kitambaa, nitafuta nilichoandika."

Ngatini alishika nafasi ya sita kati ya tisa. Njiani kurudi, nyuma ya pikipiki ya Kasdi, basi likiwa mapajani ndani ya boksi la tambi, alisema mara moja tu, "Nitalitafuta."

"Utalitafuta nini?"

"Namba saba."

"Mke wangu, lile basi limekuwa masufuria zamani!"

Kampuni ya Melati Kidul ilikuwa imekufa miaka kumi iliyopita na mabasi yake kuuzwa huku na huku. Ngatini alianzia stendi ya Arjosari. Wiki ya kwanza alizungumza na madereva, wiki ya pili na wapiga debe, wiki ya tatu na mama mmoja anayeuza supu ya mipira ya nyama, ambaye wote waliokuwa wa Melati Kidul walikuwa wakila kwake. Mama huyo alimpa jina la utingo wa zamani. Utingo akamwelekeza kwenye uwanja wa vyuma chakavu huko Kepanjen. Kasdi akampeleka, akinung'unika njia nzima kuhusu bei ya petroli. Pale walikuta bodi la Melati Kidul kweli, limeota majani mpaka madirishani. Ngatini alikwangua kutu ubavuni kwa kisu chake. Namba kumi na moja.

"Basi, twende nyumbani," Kasdi alisema.

"Muulize mwenye uwanja namba saba alimuuzia nani."

"Muulize wewe. Mimi nimekuja kama dereva."

Akamuuliza. Mwenye uwanja alikuna kichwa, akaita mtu, mtu akamwita mwingine, mpaka likapatikana jina: Tukiran, mkulima wa uyoga, kijiji kimoja juu ya Wlingi, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa pikipiki. Kasdi alitazama anga, akatazama tairi, akatazama mkewe. Akavaa kofia yake.

Walilikuta namba saba nyuma ya nyumba ya Tukiran, halina magurudumu, limekaa juu ya matofali. Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa maturubai, na ndani, gizani, kulikuwa na rafu za mianzi zilizojaa mifuko ya maranda ya mbao, kila mfuko umechanua uyoga mweupe. Tukiran alikuwa mtu mfupi mchangamfu, akivuta sigara ya karafuu.

"Viti?" akashangaa. "Viti niligawa kitambo! Uyoga hauketi, Bu. Kijiji kizima kinakalia basi langu. Nendeni tu mkaangalie makalio ya watu."

Wakaanza kuzunguka. Kiti cha kwanza walikikuta kwa kinyozi, cha watu wawili, na juu yake mteja mwenye povu mashavuni. Kilikuwa kimefifia, kimepasuka, lakini kilikuwa cha bluu.

"Samahani, ndugu," Ngatini alimwambia mteja, "nyanyuka kidogo."

"Nyanyuka? Wembe uko shingoni!"

"Ndiyo maana nasema kidogo."

Kinyozi akacheka hadi ikabidi aweke wembe chini. Wakamsimamisha mteja na povu lake, wakakipindua kiti. Chini ya plaiwudi paliandikwa kwa rangi nyeupe: 1, 2. Ngatini akapitisha kidole kwenye mshono wa pembeni. Yeye, tangu ujana wake, kila kiti alichokishona alikiacha na fundo dogo jekundu kwenye kona ya chini, mahali pasipoonekana. Hapa hapakuwa na fundo. Palikuwa na mshono uliorudiwa mara mbili, ukiishia na mkia mrefu wa uzi. Aliujua mkono huo. Ulikuwa wa Suprapti, aliyekaa cherehani cha pili kutoka kwake kwa miaka ishirini.

Alirudisha kiti taratibu, akamwambia mteja, "Asante, kaa." Uso wake ulikuwa umeshuka.

Walipata kingine cha bluu mbele ya zahanati, namba 11, 12. Kingine kwenye kibanda cha walinzi, cha watu watatu, nacho bluu. Kasdi, aliyekuwa akiteta tangu asubuhi, sasa aliuchukua mkoba wa mkewe. Alitembea karibu naye.

Cha nne kilikuwa kwenye uwanja wa mpira wa wavu, kimefungwa kwa waya juu ya jukwaa la mwamuzi. Kasdi alipanda akakifungua mwenyewe na koleo aliyoazima. Mvua na jua vilikuwa vimekula sehemu ya juu, haikuwa na rangi yoyote. Lakini kwenye mikunjo ya nyuma, ambako mwanga haukufika, kilikuwa kijani cha jani changa la ndizi. Wakakipindua. Namba 41, 42. Kwenye kona, fundo jekundu.

Ngatini alikaa chini kwenye vumbi.

"Tumeshinda!" Kasdi alipiga kelele, watoto waliokuwa wakicheza wakageuka. "Huyo fundi simu akaoge!"

"Tumeshinda nusu," Ngatini alisema. "Mbele bluu, nyuma kijani. Kwa nini sikumbuki?"

Akatoa simu, akampigia Suprapti, ambaye siku hizi aliuza mboga za mchuzi wa karanga mbele ya nyumba yake, upande wa pili wa Malang. Hawakuwa wamezungumza kwa mwaka mzima. Akamweleza. Suprapti aliangua kicheko kilichosikika mpaka kwa Kasdi.

"We mwanamke! Miaka yote hii unajivunia viti vyangu? Kitambaa chako cha kijani kiliisha. Bosi alinituma sokoni, sokoni hakuna, nikarudi na bluu. Safu nne za mbele nimeshona mimi, siku tatu, na mfungo huo, mate yamekauka!"

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Kicheko kikakatika. "Ulikuwa Tulungagung, dada. Ulikwenda kumzika mama yako. Uliporudi basi lilikuwa limeshatoka, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukuambia habari za vitambaa."

Ngatini alishukuru, akakata simu. Alikumbuka wiki ile, lakini alikumbuka kaburi tu, na mvua, na namna alivyorudi kazini akashona bila kumtazama mtu. Basi alilojivunia kuliko yote lilimaliziwa bila yeye.

Kasdi alichuchumaa kando yake. Alisema kwa sauti ya chini, "Sikiliza. Tuchukue hiki cha kijani. Tumpelekee yule kijana. Aliomba kipande cha kitambaa, kipande hiki hapa, na fundo lako. Nani atakuja mpaka huku juu kumsimamisha mteja wa kinyozi?"

Alimaanisha wema. Mkewe alikuwa ameamka alfajiri siku zaidi ya mia mbili kwa ajili ya basi lile, na yeye, pamoja na maneno yake yote, alikuwa amezihesabu.

"Hapana," Ngatini alisema. "Galih aliona mbele, mimi niliona nyuma. Nikimpelekea nyuma peke yake, nitakuwa nami nimeziba madirisha."

Walirudi kwa Tukiran. Tukiran alimkatia Ngatini vipande viwili kutoka kwenye viti vile, kimoja cha kila rangi, pamoja na mfuko wa uyoga, akakataa kulipwa. Alichotaka ni kuliona hilo basi dogo likikamilika. Usiku huo walilala kwa ndugu yake Kasdi hapo Wlingi.

Jumatatu yake Ngatini alifungua paa, akang'oa viti ishirini vya mbele, kimoja kimoja, kwa ncha ya kisu. Kung'oa kulikuwa kugumu kuliko kushona, maana gundi yake sasa ilikuwa nzuri. Viwili vilichana sakafu, ikabidi akate sakafu mpya ya safu hizo. Kisha akampigia tena Suprapti.

"Vya bluu ni vyako. Njoo ushone."

"Mimi? Macho yangu hata nyanya na pilipili siku hizi sizitenganishi!"

"Miwani ipo. Njoo."

Suprapti akaja, kila Jumamosi, na sahani ya tempe ya soya ya kukaanga. Alishona viti sita kati ya ishirini, huku akitukana sindano, uzi, kandambili na mtu aliyevumbua mabasi. Kidole kikatoboka mara nane. Akasema, "Nimestaafu upya," akakaa pembeni akimsomesha mwenzake: hapa nilirudia mara mbili, hapa niliacha mkia, usiukate huo mkia! Ngatini, aliyekuwa akichukia mikia ya nyuzi maisha yake yote, aliiacha yote ishirini.

Mwaka uliofuata mashindano yalihamia Kediri. Ngatini alimwekea Galih mezani basi, vipande viwili vya kitambaa, na picha ambazo Kasdi alizipiga kule kijijini, moja ikimwonyesha mteja wa kinyozi na povu lake, kwa sababu Kasdi hakuweza kujizuia.

Galih alitazama picha, akatazama vitambaa. Akafungua paa. Alihesabu safu kwa ncha ya kalamu: moja, mbili, tatu, nne bluu, kisha kijani mpaka nyuma.

"Kwa hiyo nilikosea," alisema.

"Na mimi nilikosea," Ngatini alijibu. "Tulikosea kila mtu kwa upande wake."

"Mimi ndiye niliyepatia peke yangu," Suprapti alisema kutoka nyuma, "na hakuna aliyeniuliza."

Ngatini alipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na kuli mmoja wa bandari ya Surabaya, aliyetengeneza lori la mchanga lenye pampu ya sindano ya hospitali, bodi likainuka na kumwaga mchanga halisi mezani. Ngatini alilitazama lori hilo mara tatu na akakubali kwamba ilikuwa haki. Mchana kutwa watu walipanga foleni kuchungulia ndani ya namba saba, na Suprapti alisimama hapo akiwaonyesha vyake ni vipi, mpaka sauti ikamkauka. Tukiran naye alikuja na mkewe, wamevaa batiki zao za sherehe. Alichungulia muda mrefu, kisha akauliza kwa huzuni kidogo kwa nini hamna uyoga.

Sasa Ngatini ana miaka sitini na moja. Ametengeneza mabasi matano. Wapenzi wa mabasi wanakuja na maombi kutoka Solo mpaka Banyuwangi, na huwaambia wote jambo moja: hataki picha, anataka kwanza kugusa kiti. Galih ndiye anayemtafutia mabasi mabovu siku hizi, na Kasdi ndiye anayempeleka, akiwaachia jirani hua wake. Basi la sita limo mezani tangu Januari. Viti vimekwisha. Kilichomkwamisha ni mkono wa gia, ambao mara mbili amekwisha kuutengeneza na mara mbili umekatika, na leo asubuhi ameanza wa tatu.